HOMA NI MOJA, ASILI YAKE SI MOJA

Katika wilaya zetu hizi mbili za Ngara na Biharamulo neno "homa" limekuwa jina la maradhi mengi mno. Mtoto akichemka mwili, twasema ana homa. Mzee akiumwa viungo, homa. Msafiri akishuka garini pale Nyakanazi na kichwa kinamgonga, naye pia ana homa. Kusema hivyo si kosa. Shida huanza pale tunapodhani kwamba, kwa kuwa homa ni moja, basi na dawa yake ni moja. Hapo humpa mtoto pesa akimbie dukani kununua vidonge vya rangi mbili, mgonjwa akameza viwili leo na viwili kesho, na akipata nafuu kidogo huvitupa vilivyobaki juu ya kabati.

Mimi nafundisha Baiolojia katika shule hii. Muhula huu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza hivi: "Mwalimu, dada yangu alipougua kichomi, zahanati walimpa vidonge vya rangi mbili akapona. Mbona mimi nilipopata mafua nilimeza vile vile na havikunisaidia kitu?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake halienei katika kipindi kimoja. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu nilijibu mbele ya wote, yaani wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi.

Kwanza yafaa tujue kwamba homa yenyewe si ugonjwa, bali ni dalili. Mwili ukiingiliwa huongeza joto lake wenyewe, kama vile kijiji kinavyopiga yowe usiku. Asikiaye yowe hujua kuna jambo, lakini hajui bado kama ni moto, ni mwizi au ni chui. Akitoka mbio na ndoo ya maji, na kumbe aliyeingia zizini ni chui, basi amekimbia bure. Ndivyo ilivyo kwa yule anayemeza dawa kabla ya kujua homa yake imetoka wapi.

Nitaeleza asili tatu za maradhi: bakteria, virusi, na mwili kujidhuru wenyewe. Malaria siitii humu, kwa sababu kijidudu chake ni cha namna nyingine na huletwa na mbu. Walakini malaria ni nyingi mkoani kwetu, na kwa hiyo kila mwenye homa na apimwe.

BAKTERIA

Bakteria ni viumbe hai wadogo sana. Ukigawanya milimita moja mara elfu, utapata kadiri ya unene wa wengi wao. Kila mmoja ana mwili wake na ukuta wake, hula mwenyewe, na huzaa kwa kujigawa vipande viwili. Wengi hawatudhuru, na wengine hutufaa matumboni mwetu. Wachache ndio adui, na miongoni mwao ni wale wa kifua kikuu, kipindupindu, kuhara damu na tauni. Daktari wa Ujerumani, Robert Koch, ndiye aliyetangaza mwaka 1882 kuwa amemwona bakteria wa kifua kikuu. Na mwaka 1898 huyu huyu Koch alieleza habari za tauni iliyokuwako Kiziba, katika nchi ya Bukoba, hapa hapa mkoani kwetu. Bakteria wa kuhara damu aligunduliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897.

Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini huko London. Dawa hii na jamaa zake huzuia bakteria asijenge ukuta wake sawasawa, naye hupasuka akafa. Basi yule dada wa mwanafunzi wetu alipona kwa kuwa kichomi chake kilikuwa cha bakteria, na dawa ilikuta ukuta wa kuubomoa.

Lakini dawa peke yake haitoshi, na wazee wa Ngara wanalijua hilo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walikimbia mauaji ya Rwanda wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Mahali paitwapo Benaco pakawa mji mkubwa usio na mabomba wala vyoo. Waliokuja kusaidia walishughulika na mambo ya chakula na tiba, na pamoja na hayo walihangaikia maji safi na kuchimba vyoo, kwa maana walijua kuhara kunavyoua watu waliorundikana.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule tuliona hatari hiyo ilivyo. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wengine waliingia Goma, nchi ya Zaire ya wakati ule. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, vyoo havichimbiki, na maji yalikuwa shida. Kipindupindu kikazuka, kisha kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba bakteria wa kuhara damu walikuwa wamekwisha kuzoea dawa nyingi zilizotumika siku zile. Bakteria huzoeaje? Dawa inapotumika, wale dhaifu hufa, na wachache wenye nguvu hubaki na kuzaana. Kila tunapomeza dawa bila haja, twawapa hao wenye nguvu nafasi ya kutawala. Siku tutakapougua kweli, dawa ile ile haitatusikia.

VIRUSI

Virusi ni wadogo kuliko bakteria. Hawana ukuta kama ule, hawali, na peke yao hawawezi kuzaa. Kirusi huingia ndani ya chembe ya mwili wetu, huigeuza kuwa karakana yake, nayo hutengeneza virusi wengine kwa maelfu. Basi penisilini itabomoa nini? Hakuna ukuta. Hapa ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wetu: mafua ni ya virusi, na vidonge vyake vilipita mwilini bila kumkuta adui wao.

Wako virusi wa mafua, wa surua, wa UKIMWI. Lakini sisi wa Biharamulo tuna kirusi kimoja tulichofahamiana nacho kwa uchungu, nacho ni Marburg. Jina hilo ni la mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kugusa nyani walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua katika Ujerumani na Yugoslavia, na 7 wakafa. Baadaye wataalamu waligundua kwamba kirusi hiki hukaa ndani ya popo wanaokula matunda na kulala mapangoni, bila kuwaua popo hao. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, huko Uganda, waliambukizwa, na kirusi kikakutwa katika popo wa mgodi huo.

Mkoani Kagera ugonjwa huu ulitangazwa mara ya kwanza tarehe 21 Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba. Wagonjwa walikuwa 9, na 6 walikufa, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Mara ya pili ulikuwa kwetu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Marburg imethibitishwa Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote 10 walikufa, na 8 kati yao walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Msomaji, tafakari jambo hilo. Marburg huanza kwa homa kali, kichwa kuuma sana, mwili kuchoka na misuli kuuma. Je, kuna mzazi gani hapa asiyeziona dalili hizo kila msimu wa mvua na kuziita malaria? Kutapika na kuhara hufuata, na kwa wengine damu hutoka baada ya siku kadhaa. Tukisubiri damu ndipo tushtuke, tumekwisha kuchelewa. Naye anayeuguza huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa, au maiti yake. Kwa hiyo upendo wenyewe, yaani kumwosha mgonjwa na kumwosha marehemu kama desturi zetu zinavyotaka, waweza kuwa njia ya mauti.

Sasa tuwatazame jirani zetu ng'ambo ya mto Kagera. Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Wagonjwa walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, lakini waliokufa walikuwa 15. Hakuna chanjo wala dawa ya Marburg iliyokwisha kuidhinishwa, ila huko wagonjwa walitambuliwa mapema, wakatiwa maji mwilini, wakasaidiwa kupumua, na wakapewa dawa ambazo bado zinajaribiwa. Kuwahi kwao hospitalini kuliokoa wengi.

MWILI KUJIDHURU WENYEWE

Asili ya tatu huwashangaza wanafunzi kuliko zote. Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, ambao kazi yao ni kumtambua mgeni na kumwua. Lakini mara nyingine askari hao hukosea, wakawapiga raia wao. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Katika kisukari cha watoto, askari hao huziua chembe zinazotengeneza insulini, na tangu hapo mtoto huishi kwa sindano ya insulini, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1922. Ugonjwa huu hauambukizi, wala haukuletwa na jirani mwenye kijicho.

Mfano unaotuhusu zaidi sisi wa shule ni homa ya baridi yabisi, kwa kuwa huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza na bakteria wa koo aitwaye streptokoki. Koo huuma, mtoto hushindwa kumeza, kisha baada ya siku chache hupona mwenyewe na wazazi husahau. Lakini bakteria huyu ana sehemu zinazofanana na sehemu za mwili wetu. Askari waliojifunza kumpiga yeye huendelea na vita hata baada ya yeye kwisha, na baada ya majuma mawili hadi manne huanza kupiga viungo na moyo. Goti huvimba, kesho kiwiko. Viungo hupona, lakini milango midogo ya moyo hubaki na kovu. Miaka ikipita, kijana huyo hutweta akipanda kilima, na siku moja huhitaji kupasuliwa moyo. Upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na safari ya kutoka Ngara hadi huko twajua ilivyo.

Na hapa, wasomaji, vidonge vina kazi yake. Koo la streptokoki likitibiwa kwa penisilini katika siku tisa za mwanzo, moyo huepukana na madhara hayo. Aliyekwisha kupatwa hupigwa sindano ya penisilini kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, ili koo lisiugue tena na askari wasiamshwe upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi dawa ile ile isiyofaa kitu kwa mafua yaweza kuuokoa moyo wa mtoto. Tofauti iko katika kujua asili ya ugonjwa, na asili haijulikani kwa kumgusa mtoto paji la uso.

YATUPASAYO

Naomba tushike mambo manne. Kwanza, mwenye homa aende zahanati apimwe siku ya kwanza au ya pili, asingoje wiki. Koo linaloumiza mtoto nalo lisidharauliwe. Pili, tusinunue dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa, na tukiandikiwa tuzimeze kama tulivyoagizwa. Tatu, maji tuyachemshe, mikono tuinawe kwa sabuni, na tusiingie katika mapango ya popo wala kula tunda lililong'atwa nao. Nne, ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wameugua kwa kufuatana, au mtu amekufa ghafula kwa homa, asiguswe na yeyote kabla wataalamu hawajafika. Apewe habari mwenyekiti wa kijiji na zahanati, au ipigwe simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozi malipo.

Jambo hili la mwisho najua ni zito. Katika nchi yetu mtu asiyemgusa mgonjwa wake huonekana hana utu, na asiyekwenda msibani husemwa. Wanafunzi, ninyi ndio mtakaoulizwa nyumbani wakati wa likizo, kwa kuwa ndiyo mliosoma. Waelezeni wazee kwa heshima na kwa upole, wala msiwacheke. Waambieni kwamba kumwita mtaalamu mapema ni kumuuguza mgonjwa, na kwamba anayenawa na kukaa mbali kwa siku 21 baada ya kumgusa mgonjwa wa Marburg hajamtupa ndugu yake. Huyo anawalinda waliobaki nyumbani.