Mgonjwa alikuja nao, au aliwapata wadini?

Tuseme, msomaji, ndugu yako amegongwa na gari pale Makupa na amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho wengi wetu hukiita ICU tu. Siku tano za kwanza anaendelea vizuri. Siku ya sita homa inampanda, na daktari anasema bakteria wameingia kwenye damu. Kitanda cha jirani yupo mama aliyeshikwa na homa kama hiyo wiki iliyopita. Hapo ndipo maneno huanza. Jamaa wanasema hospitali ndiyo iliyomwambukiza. Hospitali inasema huenda alikuja nao kutoka nyumbani. Wengine wanamnyooshea kidole muuguzi wa zamu ya usiku, au shangazi aliyekuja kumtazama mgonjwa na kumshikashika.

Zamani mabishano kama hayo hayakuwa na mwisho. Siku hizi uko uwezo wa kuyaamua, kwa kusoma jenomu ya bakteria wenyewe, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani yao.

Usidhani chumba cha mahututi kina hatari hii kwa sababu ni kichafu. Mara nyingi ndicho kisafi kuliko wadi zote. Shida ni hali ya anayelala humo. Ana mpira wa mkojo, ana mpira wa kupumulia kooni, ana dripu iliyoingizwa kwenye mshipa mkubwa, na kila mpira ni mlango wa bakteria. Isitoshe, dawa za antibiotiki anazopewa huwaua bakteria wanyonge na kuwaachia uwanja wale sugu. Mikono inayomhudumia ni mingi, usiku na mchana.

Hapa kwetu Pwani hatari ya homa za hospitalini imewahi kupimwa, ingawa si katika ICU. Watafiti wa Kilifi waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya huko kati ya mwaka 2002 na 2009, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Miongoni mwa watoto walioingiwa na bakteria kwenye damu wakiwa tayari wamelazwa, 53 katika kila 100 walifariki. Kwa wale waliofika na bakteria hao kutoka nyumbani walikuwa 24, na kwa wasiokuwa na bakteria kwenye damu, 6. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mzazi yeyote atake kujua homa ya mwanawe ilianzia wapi.

Sasa, kwa nini maabara ya kawaida haiwezi kujibu? Maabara huotesha damu ya mgonjwa kwenye sahani na baada ya siku mbili tatu ikasema: huyu ni Klebsiella, na dawa hizi na hizi hazimwezi. Lakini kusema Klebsiella ni kama kusema mwizi ni mtu wa Mombasa. Klebsiella ni wengi, na wanaishi matumboni mwa watu wazima wenye afya. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa nao bila ya mmoja kumwambukiza mwenziwe.

Jenomu ya Klebsiella ina herufi zipatazo milioni tano, zote zikiandikwa kwa herufi nne tu. Bakteria anapojigawa huyanakili maandishi hayo yote, na mara mojamoja hukosea herufi. Waliosoma chuo watalielewa jambo hili upesi. Watoto wananakili aya kutoka ubaoni. Mmoja akisahau nukta mahali fulani, na wa pembeni yake akawa na kosa lile lile mahali pale pale, mwalimu hahitaji kuuliza nani alimtazamia nani. Vivyo hivyo, bakteria wa wagonjwa wawili wakitofautiana kwa herufi chache tu, wametoka kwenye mnyororo mmoja wa karibuni. Wakitofautiana kwa maelfu, hawana undugu wa karibu, na hospitali haikosei ikisema wagonjwa hao hawakuambukizana.

Kisa kilichoipa kazi hii umaarufu kilitokea Marekani, katika hospitali ya utafiti ya serikali iliyoko Bethesda. Juni 2011 aliletwa pale mgonjwa kutoka New York mwenye Klebsiella sugu. Alitengwa, akatibiwa, akaruhusiwa kuondoka Julai. Wiki tatu baadaye mgonjwa mwingine, ambaye hakuwahi kukaa naye wadi moja, akaonekana na bakteria wa aina hiyo. Kisha mwingine, na mwingine. Hatimaye walifika 18. Kati yao 11 walifariki, na vifo 6 vilihesabiwa kuwa vya bakteria hao.

Je, hawa waliingia upya au ni wale wale wa mgonjwa wa kwanza? Jenomu zilipolinganishwa zilionyesha kuwa wote walitokana na yule wa New York, na kwamba walitoka kwake si mara moja bali zaidi ya mara moja. Ilidhihirika pia kuwa mtu anaweza kuwabeba tumboni kwa siku nyingi bila dalili, hivyo aliyetangulia kuugua si lazima awe ndiye aliyemwambukiza anayefuata. Bakteria walipatikana kwenye matundu ya masinki, na hata kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imekwisha kusafishwa. Nani angeishuku mashine iliyooshwa?

Uingereza nako, mjini Cambridge, mwaka 2011 vichanga katika wadi ya watoto wachanga walipata bakteria wengine sugu. Wafanyakazi 154 walipimwa, na mmoja tu ndiye aliyekuwa akiwabeba bila kujua. Alitibiwa. Mtu mmoja kati ya 154! Bila kipimo, lawama ingewaangukia wote au ingemwangukia asiyehusika.

Turudi kwetu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma jenomu za Klebsiella 198 zilizotoka kwa wagonjwa wa Kilifi katika muda wa miaka kumi hivi. Zaidi ya nusu waliweza kuzishinda sindano za jamii ya seftriaksoni, ambazo hospitali zetu huzitegemea sana. Asilimia 79 walikuwa sugu kwa makundi matatu ya dawa au zaidi.

Lakini lililonishtua mimi ni jingine. Katika bakteria 25 kati ya hao, watafiti walikuta kipande cha urithi kilichofanana na kile kinachojulikana kubeba jeni iitwayo NDM-1, ambayo huvunja nguvu za dawa za karbapenemu, kama meropenemu. Hizo ni dawa ambazo daktari huziweka akiba kwa siku mbaya. Jeni yenyewe haikuwamo. Ilikuwa kama kuokota ala ya jambia njiani: jambia halipo, lakini unajua lilipita hapa. Wakati huo hospitali ya Kilifi haikuwa ikitumia karbapenemu, kwa hiyo bakteria hawakuwa na haja ya silaha hiyo. Watafiti walionya kuwa dawa hizo zikianza kutumika katika hospitali za umma, huenda usugu ukazuka haraka. Nairobi jambia lenyewe lilikuwa limekwisha kuonekana: mwaka 2011 iliripotiwa Klebsiella wenye NDM-1 kutoka kwa wagonjwa wa huko. Na leo meropenemu si dawa ngeni hapa Mombasa.

Ujuzi wa kusoma hauko mbali nasi. Wakazi wa Mji wa Kale hawajasahau Mei 2020, walipofungiwa wasitoke wala wasiingiliwe kwa sababu ya korona. Katika miezi hiyo maabara ya Kilifi, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka kisiwani, ilikuwa ikisoma jenomu za virusi hivyo kutoka kaunti za Pwani. Zilizochapishwa mwaka 2021 zilikuwa 311. Kusoma bakteria ni kazi ya jamii hiyo hiyo, ila maandishi yake ni marefu zaidi: virusi vya korona vina herufi kama 30,000 tu.

Mashine, hata hivyo, haisomi kisichokuwapo. Mgonjwa akianza kupigwa sindano kabla damu yake haijachukuliwa, mara nyingi hakuna kitakachoota kwenye sahani. Kwa hivyo ukiwa na wako chumba cha mahututi na homa ikampanda, muulize daktari kwa upole: damu imepelekwa kuoteshwa? Ilichukuliwa kabla ya antibiotiki mpya? Mnao wengine wenye homa kama hii? Hayo ni maswali ya haki, na daktari mzuri hayamuudhi. Na wewe unapokwenda kumtazama, ingia mmoja mmoja, osha mikono kwa sabuni kabla na baada, usikae kitandani, na simu yako ibaki mfukoni.

Kilifi waliweza kusoma bakteria wa miaka mingi nyuma kwa sababu sampuli ziliwekwa kwenye friji za baridi kali na hazikutupwa matokeo yalipotoka. Friji ya namna hiyo, umeme usiokatika na daftari la kuandika mgonjwa yupi alilala kitanda kipi na siku gani, ndivyo vitu vya kwanza ambavyo hospitali inahitaji.