Kabla Dawa Haijafika Kwenye Kitumba

Pita mashamba ya pamba ya Bariadi au Itilima asubuhi ya mwezi wa pili, utamkuta mtu anapiga dawa: bomba mgongoni, mkono mmoja kwenye mpini wa pampu, mwingine umeshika mrija wenye nozeli. Machoni pake ni ukungu tu. Lakini dawa haitoki kwenye nozeli ikiwa ukungu. Inatoka kama utando mwembamba wa maji uliofunuka mithili ya mwavuli, na utando huo hauishi zaidi ya sentimita chache. Unapepea kama kanga kwenye kamba, unatoboka, unakatika kuwa nyuzi, nazo nyuzi zinakatika kuwa matone. Yote hayo humalizika kabla hujapepesa jicho.

Ukubwa wa matone ndio unaoamua dawa itaishia wapi. Tone lenye kipenyo cha milimita 0.1 huanguka kwa kasi ya kama sentimita 25 kwa sekunde. Likiachiwa nusu mita juu ya jani, upepo wa mita 2 kwa sekunde utalisogeza mita 4 hivi. Tone la milimita 0.01 huteremka milimita 3 tu kwa sekunde. Kwa upepo uleule lingesafiri zaidi ya mita 300, isipokuwa maji yake hukauka njiani na sumu ikabaki hewani. Tone kubwa nalo ni hasara ya aina nyingine. La milimita 0.4 lina dawa ya kutosha matone 64 ya milimita 0.1, na mara nyingi hugonga jani, likateleza, likaishia ardhini, huku funza wa vitumba akiendelea kutoboa.

Kwa nini uzi wa maji ukatike? Fungua bomba la uani kidogo sana uangalie. Ngozi ya maji hujivuta ili iwe na eneo dogo kadiri iwezekanavyo, na matone yana eneo dogo kuliko uzi mrefu wenye maji yaleyale. Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alikokotoa jambo hili katika miaka ya 1870: wimbi linalokua haraka kuliko mengine juu ya uzi lina urefu wa takriban mara nne na nusu ya kipenyo chake. Zile mashine za sahani inayozunguka kwa betri za tochi, zilizoenea kwenye pamba ya Afrika tangu miaka ya 1970, humwaga nyuzi nyembamba kutoka kwenye meno ya sahani, kwa hiyo hesabu ya Rayleigh hukufikisha karibu kabisa na jibu la ukubwa wa matone.

Utando wa nozeli ni kichwa ngumu zaidi. Hapo tunakimbilia kompyuta. Nafasi mbele ya nozeli hugawanywa kuwa vijichumba, kila kimoja na namba yake: 1 kikijaa maji, 0 kikiwa na hewa tupu, 0.3 kikiwa mpakani. Njia hii ilielezwa na watafiti Hirt na Nichols mwaka 1981. Kisha milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa maji na hewa, hutatuliwa hatua kwa hatua. Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, hivyo kosa dogo mpakani huipa hewa nguvu isiyo yake. Nimewahi kuweka tone limetulia tuli ndani ya programu, nikarudi nikakuta vimbunga vidogo vinalizunguka. Hakuna aliyepuliza.

Kosa hilo angalau linaonekana. Linalonisumbua zaidi limejificha. Kijichumba kikiwa na upana wa maikroni 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), utando ukawa mwembamba kuliko hapo, programu huupasua. Si upepo uliofanya hivyo wala mvutano wa ngozi ya maji. Ni vijichumba vimeishiwa. Matone yanatokea, video inapendeza, ukumbi unapiga makofi. Punguza upana kwa nusu, unapata matone mengine. Na kupunguza kwa nusu si jambo la bei nafuu: vijichumba vinakuwa mara 8, hatua za muda karibu mara 3. Kujaza mchemraba wa sentimita 2 kwa vijichumba vya maikroni 5 kunahitaji bilioni 64. Stéphane Popinet alitupunguzia mzigo mwaka 2003 kwa programu yake Gerris, inayoweka vijichumba vidogo pale tu panapohitajika, kama vile maji yanapokutana na hewa. Hata hivyo matone madogo kabisa, yaleyale yanayopeperuka, ndiyo hubadilika kila unapopunguza upana wa vijichumba.

Ndiyo maana naziamini zaidi zile karatasi za njano zinazogeuka buluu zikiguswa na maji. Unazibana kwenye majani ya pamba, juu na chini, mtu anapita anapiga dawa, kisha unahesabu madoa.

Karatasi hizo hupima pia kitu ambacho kwenye programu zetu huwa tunakirahisisha. Kwenye kompyuta tunaandika presha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Shambani presha ni mkono, na mkono uliokwishamaliza mabomba sita unapampu polepole. Utando unarefuka, matone yananenepa, na mistari ya mwisho ya shamba inapata dawa tofauti na ya kwanza.