'Béotien': Jirani aliyelisha Athens, akalipwa kwa kejeli

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka kuingia Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC) hukutana na Kifaransa, ambacho ni lugha rasmi katika nchi hizo. Kati ya maneno ya lugha hiyo lipo 'béotien', ambalo 't' yake hutamkwa kama 's'. Anayeitwa hivyo ameambiwa hana ustaarabu, au ni mbumbumbu katika fani fulani.

Asili ya neno hilo ni Ugiriki. Limetokana na Boeotia, eneo lenye ardhi ya rutuba linalopakana na Attica, uliko mji wa Athens. Hapo kale Waathene waliwadharau majirani hao, wakiwaita walafi na wazito wa akili. Hata Cicero wa Roma aliandika kwamba hewa ya Athens ni nyepesi na watu wake hudhaniwa werevu, ilhali hewa ya Thebes, mji mkubwa wa Boeotia, ni nzito.

Lakini washairi Hesiod na Pindar, pamoja na mwandishi Plutarch, wote walikuwa watu wa Boeotia. Na mwaka 371 KK, jeshi la Thebes liliishinda Sparta huko Leuctra.

Thamani ya jirani huyo ilionekana zaidi sokoni. Mwaka 425 KK, pande hizo mbili zikiwa vitani, Aristophanes alionesha Athens mchezo wa kuchekesha kuhusu Mwathene aliyejifanyia amani yake mwenyewe na kufungua soko. Mchuuzi wa Boeotia anafika na ndege pamoja na mikunga wa Ziwa Copais. Mwenye soko anamshangilia mkunga kama mpendwa aliyepotea miaka mingi, kisha anamchukua kuwa ushuru!

Mara anatokea mchongezi, anadai bidhaa hizo ni za adui. Anakamatwa, anafungwa kama chungu cha kusafirishwa, na mgeni anakabidhiwa awe malipo yake, kwa kuwa wachongezi ni bidhaa iliyojaa Athens na isiyopatikana Boeotia.

Vita hivyo vilikwisha, na Ziwa Copais lilikaushwa katika karne ya 19. Kejeli imebaki. Kifaransa hakikumbuki mikunga wala nafaka za Boeotia. Kinakumbuka jina baya ambalo wenyeji hao walipewa na wateja wao.