RNA zilizodhaniwa takataka zinavyochochea saratani ya kibofu

Saratani ya kibofu cha mkojo ina tabia inayowasumbua madaktari na wagonjwa: uvimbe huweza kuondolewa, kisha ukaota tena katika kibofu kilekile. Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliyetibiwa hulazimika kurudi hospitali mara kwa mara ili daktari apitishe kifaa chembamba chenye kamera katika njia ya mkojo na kukagua kibofu kwa ndani.

Kipimo hicho, kiitwacho sistoskopi, ni cha usumbufu na gharama. Ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakitafuta dalili za ugonjwa zinazoweza kusomeka katika mkojo wenyewe. Baadhi ya dalili hizo zimeonekana mahali ambapo kwa muda mrefu hapakudhaniwa kuwa na jambo la maana.

Seli za mwili hutengeneza protini kwa kufuata maelekezo yaliyomo katika DNA. Maelekezo hayo hunakiliwa kwanza katika molekuli iitwayo RNA, ambayo huyapeleka mahali protini zinapoundwa. Hata hivyo, sehemu zenye maelekezo ya protini ni takriban asilimia 2 tu ya DNA yote ya binadamu. Kiasi kikubwa cha sehemu iliyobaki kiliwahi kuitwa takataka.

Sasa inafahamika kuwa sehemu hiyo nayo hunakiliwa kwa wingi. Nakala zenye urefu wa zaidi ya herufi 200 za kikemia, ambazo hazitoi protini, huitwa RNA ndefu zisizotengeneza protini. Nyingi kati ya zile ambazo kazi yake imejulikana ni wasimamizi: huamua jeni ipi ifanye kazi, ipi inyamaze na kwa kiwango gani. Msimamizi akiharibika, seli huweza kukua bila mipaka.

Mfano mmojawapo ni H19. RNA hii hufanya kazi kwa wingi mtoto akiwa tumboni, na baada ya kuzaliwa hunyamaza katika viungo vingi. Katika saratani ya kibofu huamka tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hebrew cha Jerusalem, wakiongozwa na Abraham Hochberg, walijaribu kuitumia hali hiyo dhidi ya saratani yenyewe. Walitengeneza kipande cha DNA chenye jeni ya sumu ya bakteria wa dondakoo, kilichofungwa kwa swichi ya H19, ili sumu itengenezwe ndani ya seli za saratani pekee. Tiba hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa, lakini majaribio yake yalisitishwa mwaka 2019 kabla haijawa dawa rasmi.

Mfano mwingine ni UCA1, iliyotangazwa na watafiti wa China mwaka 2006. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa huongeza kasi ya seli za saratani kutumia sukari, hunasa RNA ndogo ambazo kwa kawaida hufanya kazi kama breki, na huzisaidia seli hizo kuhimili dawa ya sisplatini.

Kwa kuwa seli za uvimbe hudondokea katika mkojo, UCA1 huweza kupimwa humo. Katika utafiti huo wa mwaka 2006, kipimo kiliwatambua takriban asilimia 81 ya wagonjwa wa saratani ya kibofu, na kutoa majibu sahihi kwa takriban asilimia 92 ya watu wasiokuwa nayo.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yana maana nyingine pia: karibu mgonjwa 1 kati ya 5 angeambiwa yuko salama ilhali ana saratani. Kwa hiyo sistoskopi imeendelea kuwa kipimo cha kutegemewa.

Lipo pia suala linaloigusa Afrika moja kwa moja. Tafiti nyingi za RNA hizi zimefanywa kwa aina ya saratani ya kibofu ambayo chanzo chake kikuu ni uvutaji wa tumbaku. Kichocho cha mkojo, ambacho vimelea vyake vilitambuliwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 1994 kuwa ni chanzo cha saratani, mara nyingi huambatana na aina nyingine ya uvimbe. Alama inayofaa Beijing haiwezi kuchukuliwa kuwa inafaa Unguja na Pemba, ambako kichocho hicho kinajulikana kwa miaka mingi, mpaka ipimwe huko.

Wakati utafiti ukiendelea, dalili muhimu haihitaji maabara kuonekana. Damu katika mkojo, hata isiyo na maumivu na hata ikitokea mara moja tu, inapaswa kumpeleka mtu hospitali. Penye kichocho, damu hiyo huweza kuzoeleka na kupuuzwa, na saratani ikapata muda wa kuota mizizi.