Mkia Ulitangulia Kuondoka

Mwulize mtu yeyote tofauti ya sokwe na kima, atakuambia: mkia. Kiswahili chetu cha kila siku hakitusaidii sana katika jambo hili, maana "nyani" limekuwa jina la kumbandika kila mnyama wa jamii hii, hata sokwe. Lakini jibu la mkia halina kasoro kubwa. Sokwe, gorila, orangutani, giboni na binadamu hawana. Tumbili, mbega na nyani wanao. Kigumu ni kueleza kwa nini sisi wa kundi la kwanza, ukoo wa masokwe, tuliupoteza. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wazee wetu walianza kuning'inia kwa mikono na kupita chini ya matawi kiwiliwili kikiwa wima, mkia ukakosa kazi. Mifupa ya kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, inatuambia kwamba maelezo hayo yamepanga matukio kinyumenyume.

Mwenye mifupa hiyo ni Ekembo, jina lililotolewa katika lugha ya Kisuba. Ni jina la mwaka 2015 tu. Kabla ya hapo aliwekwa katika jenasi ya Proconsul, iliyotungwa na Arthur Tindell Hopwood mwaka 1933 kwa mabaki ya Koru, magharibi mwa Kenya, kwa utani wa kitaalamu: Consul alikuwa sokwe wa maonyesho aliyejulikana sana Ulaya, na huyu wa Koru akaitwa mtangulizi wake. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua Rusinga fuvu lenye uso, na miaka iliyofuata mifupa ya mikono, miguu na mgongo iliendelea kupatikana, hata tukawa na picha ya mwili mzima, jambo adimu kwa mnyama wa kale hivyo. Wa kushukuriwa ni mlima wa volkeno wa Kisingiri. Majivu yake yalifunika misitu ya takriban miaka milioni 18 iliyopita na kuhifadhi mpaka alama za mashina na mizizi. Watafiti walipolinganisha meno na mataya kwa makini, waliona spishi mbili za visiwani zinatofautiana na ile ya Koru kiasi cha kustahili jenasi yao wenyewe.

Ukimtazama Ekembo kuanzia shingoni kwenda chini, utadhani ni kima. Kifua chake ni chembamba na kirefu kwenda ndani, si kipana kama chetu. Mikono na miguu inakaribiana kwa urefu, na alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, viganja vikiwa vimekanyaga. Hata kwenye kifundo cha mkono, ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho unafika mpaka kugusa mifupa midogo ya kifundo hicho, kama kwa kima. Kwa sokwe wa leo umerudi nyuma, na ndiyo maana mkono wake unazunguka kwa uhuru anapobembea. Kwa kifupi, huyu hakuwa mbembeaji. Lakini mwaka 1991 Carol Ward, Alan Walker na Mark Teaford walichunguza pingili ya mwisho iliyoungana na nyonga, pale ambapo mkia ungeanzia. Kwa kima mwenye mkia, mfereji wa neva hapo hubaki mpana na pingili huwa na viungo vya kupokea nyingine. Kwa Ekembo imesinyaa, kama kwa mnyama mwenye kifandugu tu. Mkia haukuwepo, na bembea bado haijaja.

Mpinzani atasema kukosa mkia si cheti cha usokwe, na atamtaja kima wa Barbari wa Moroko na Algeria, ambaye amebaki na kidutu tu ilhali ni ndugu wa damu wa kima wengine. Ni hoja nzuri. Ingekuwa pingili hiyo ndiyo ushahidi wote, ningenyamaza. Lakini kiwiko cha Ekembo kinaanza kufanana na cha sokwe, na kidole gumba cha mkono na kile cha mguu vina nguvu ya kushika isiyo ya kawaida kwa kima. Wakati nao unaruhusu: huko Rukwa, Tanzania, yamepatikana mabaki ya miaka milioni 25 yanayoonyesha kwamba ukoo wa masokwe ulikuwa umeshaachana na ule wa kima. Wapo wataalamu, Terry Harrison akiwa mmoja wao, waliomweka Ekembo na wenzake nje kabisa, kwenye shina lililotangulia mgawanyiko huo. Mimi naona uzito uko upande wa kumweka chini kabisa ya tawi la masokwe, ingawa nakiri kwamba sura zake za kale ni nyingi kuliko mpya.

Kumweka hapo hakumfanyi kuwa babu yetu. Morotopithecus wa Moroto, Uganda, anamzidi kwa miaka kama milioni tatu, na bado kiuno chake kinafanana zaidi na cha masokwe wa leo. Basi wakati Ekembo anapanda miti ya Rusinga, kiunzi cha aina nyingine kilikuwa kimeshajaribiwa si mbali sana naye. Tusitafute mlolongo mmoja wa baba na mwana hapa.

Tukirudi kwenye mkia, mwaka 2024 wanasayansi walieleza badiliko katika jeni iitwayo TBXT, ambalo masokwe wote walio hai wanalo na kima hawana. Panya wa maabara waliopewa jeni inayofanya kazi kwa namna hiyo walizaliwa wengine na mkia mfupi, wengine bila mkia kabisa. Badiliko la namna hii halisubiri mkia ukose kazi kwanza. Linaweza kumkuta mnyama akiwa bado anatembea juu ya tawi kwa miguu minne na anauhitaji mkia ili kujisawazisha. Mnyama wa hivyo, akiwa na uzito wa kilo 10 au hata 30, angekuwa na njia moja ya kutoanguka: kwenda taratibu na kushika kwa nguvu, na vidole gumba vya Ekembo ni vya mshikaji.