Kabla hujanunua spea ya gari lako la mizigo, soma hii (mimi nililipa 317,000 kujifunza)

Leo siongelei mtaji wala wateja wasumbufu. Naongelea gari, ile ya nyumbani ambayo wengi wetu tunaifanya ya familia na ya mzigo kwa pamoja.

Mimi nina duka la rejareja hapa Njombe. Gari ni Carina Ti ya mwaka 1998, ya mzee wangu. Yeye ameshastaafu, haendeshi tena, lakini ukiiita "gari yangu" mbele yake atakurekebisha. Kila Alhamisi saa kumi na moja alfajiri naenda nayo Makambako kuchukua mzigo, kama kilomita 60. Na mara moja kwa mwezi inampeleka mzee kliniki ya presha.

Mwezi wa sita ikaanza vituko. Asubuhi unapiga stata inazunguka vizuri tu, lakini injini haishiki. Unapiga tena na tena. Ikishika inatetemeka na kuzimika mpaka uibembeleze kwa kukanyaga mafuta dakika tano nzima. Ikishapata moto, imekwisha hiyo, inapanda milima kama haijawahi kuumwa. Mchana ukiizima na kuiwasha, haina neno.

Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua mpya, 185,000. Wiki moja baadaye hali ile ile, akasema plagi, 32,000. Wa pili akasema pampu ya mafuta imechoka. Tukaweka ya mtumba 80,000, na ufundi 20,000. Jumlisha mwenyewe. Laki moja na nusu ya hizo niliazima kwa mama, hela yake ya kikoba, na iliyobaki ilitoka kwenye droo ya duka. Unajua maana yake. Sukari ikiisha hurudishi mfuko mzima, unarudisha nusu. Mteja anakuta rafu ina nafasi, anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Siku iliyoniuma ni ya kliniki. Gari ilikataa kabisa, nikampakia mzee kwenye bodaboda na baridi ya mwezi wa saba, amejifunga shuka la Kimasai mpaka masikioni. Hakusema kitu njia nzima. Tuliporudi fundi akanipigia, akasema sasa tubadilishe nozeli na distributa, 240,000. Nikamwambia subiri kwanza.

Usiku nikakaa nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza tangu mwanzo: hii gari inakataa wakati gani, na inakubali wakati gani? Inakataa ikiwa ya baridi tu. Sasa pampu iliyochoka ingepandaje milima ya Makambako na mzigo? Betri mbovu ingezungushaje stata kwa nguvu vile? Jibu lilikuwa mbele yangu. Sikuliangalia kwa sababu nilikuwa nimeshamwachia fundi afikirie kwa niaba yangu, na fundi naye alikuwa anabahatisha kwa hela yangu.

Halafu kulikuwa na taa. Ile ya njano yenye picha ya injini kwenye dashibodi ilianza kuwaka wiki ile ile tatizo lilipoanza. Niliambiwa "hiyo kawaida kwa gari za zamani" nikaizoea. Ndugu yangu, usiizoee taa.

Form four fizikia nilipata D, kwa hiyo usidhani naongea kama injinia. Niliangalia video mtandaoni siku nne, nikanunua multimita ya 15,000, ile mafundi redio wanaiita mita. Toyota nyingi za miaka ile zina kiboksi kidogo chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua mfuniko, kwa ndani kuna mchoro wa majina ya matundu. Unatafuta TE1 na E1, unayaunganisha kwa kipande cha waya. Gari iwe kwenye P, kiyoyozi na taa vimezimwa. Kisha unafungua swichi bila kuwasha injini. Hakikisha matundu ni hayo mawili tu, maana humo humo kuna tundu la +B lenye umeme wa betri, ukikosea unaunguza vitu.

Ile taa ya njano itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, kompyuta ya gari haina shtaka. Yangu ilipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena. Hiyo ni 22, maana yake kompyuta haipati taarifa ya sensa ya joto la maji ya injini. (Sensa ya gari, sio ile ya kuhesabu watu.)

Hapo vitu vikaanza kuingiana. Injini ya baridi inahitaji petroli nyingi zaidi ili ishike, kama jiko la mkaa linavyotaka mafuta ya taa ya kuanzia. Kompyuta ikikosa taarifa ya joto inajikadiria yenyewe, kwenye hizi Toyota inachukulia maji yana nyuzi 80. Kwa hiyo alfajiri ya Njombe, mimi nina makoti mawili, yenyewe inaipa injini petroli ya mchana wa jua kali. Ikishafika kwenye nyuzi 80 kweli, makadirio na ukweli vinakutana, gari inatulia.

Utauliza, mbona geji ya joto ilikuwa inasoma sawa? Hata mimi nilikwama hapo. Kumbe kwenye injini hii kuna mbili. Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye geji yako. Yenye nyaya mbili, upande wa gia boksi karibu na distributa, ndiyo inaongea na kompyuta. Moja inaweza kuwa nzima na nyingine imekufa.

Nikaulizia sensa mpya, 45,000. Nilikuwa nimeshashika simu nitume hela, nikakumbuka zile 317,000. Nikasema hapana, hii napima kwanza.

Injini ikiwa ya baridi kabisa niliifungua. Maji ya rejeta yanatoka kidogo, weka kitambaa. Usijaribu injini ikiwa ya moto, utaungua vibaya. Nikaweka sufuria ya maji jikoni, nikaitumbukiza ncha tu, mita nimeiweka kwenye om. Sensa nzima ya aina hii, maji yakiwa nyuzi 20 inasoma kilo-om 2 hadi 3, na yakifika 80 inashuka mpaka 0.2 hadi 0.4. Maji yetu ya bomba yalikuwa ya baridi zaidi, nikapata 3.4. Yalivyopata moto namba zikashuka taratibu, yalipokaribia kuchemka zikafika 0.2. Mama ananiangalia na sufuria yake, anauliza napika nini.

Sensa ilikuwa nzima.

Nikairudisha, nikaongeza maji ya rejeta, nikahamia kwenye nyaya. Swichi imefunguliwa, plagi ya sensa imechomolewa, mita kwenye volti, vijiti kwenye zile nyaya mbili. Panapaswa kuwa na kama volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Nikapata sifuri. Basi tatizo liko katikati, kati ya kompyuta na sensa. Nikaufuata mkufu wa nyaya kwa mkono, sentimita kwa sentimita, na juu ya gia boksi nikakuta waya umetafunwa, na meno yanaonekana.

Panya. Na panya nilimleta mwenyewe. Nikirudi Makambako usiku nimechoka, nilikuwa naacha mifuko ya unga na maharage ndani ya gari mpaka asubuhi, gari nimeiegesha nyuma ya stoo. Injini iliyozimwa usiku bado ina joto, nje baridi, chakula kiko mita mbili. Ungekuwa panya ungelala wapi?

Jirani yangu fundi simu alikuja na chuma chake cha kuchomelea risasi. Tukakata pale palipotafunwa, tukamenya, tukaunga kwa kipande cha waya, tukachomelea, tukafunga tepu ya umeme. Nikampa 5,000, hakutaka, nikamlazimisha. Nikapima tena, volti 5 zipo. Nikachomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja kufuta kumbukumbu ya kosa, nikairudisha. Kesho yake saa kumi na moja gari ilishika mara ya kwanza, na taa ya njano ikazimika.

Sisemi mafundi ni wezi. Wale wawili nawaheshimu, na breki au usukani sigusi, napeleka kwao. Ila sasa sibadilishi kitu mpaka anionyeshe kipimo kinachosema kimekufa. Hata betri ni hivyo hivyo. Ile ya zamani niliipima baadaye, imekaa usiku kucha, ikasoma 12.5, na iliyojaa ni kama 12.6. Haikuwa na kosa. Sasa ndiyo inawasha taa za duka umeme ukikatika.

Kama gari yako ni ya baadaye kidogo, nyingi hazihitaji kuhesabu taa. Zina tundu chini ya usukani la kuchomeka kifaa cha kusoma makosa. Wenye gari mbili tatu mtaani mnaweza kuchanga mkanunua kimoja.

Kliniki ya mwezi wa nane mzee alikaa kiti cha mbele, hita imewashwa, akaniuliza nani aliyeitengeneza gari yake. Deni la mama limebaki 50,000. Na mifuko ya unga hailali tena kwenye gari, hata nikifika saa sita usiku naishusha.