Alhamdulillah ya Mhudumu wa Msikiti

Atembeaye Kariakoo baada ya Swala ya Alfajiri huusikia mji ukiamka kwa neno moja. Wachukuzi wanaokokota mikokoteni kuelekea Mtaa wa Kongo wakisalimiwa hujibu, "Alhamdulillah." Mama lishe anayechagua mchele kando ya Mtaa wa Mkunguni hujibu hivyo hivyo. Kijana anayeinua mlango wa chuma wa duka katika Mtaa wa Narung'ombe, ambaye jana hakuuza hata doti moja ya khanga, naye hana jibu jingine. Ni neno tukufu, na ni neema kubwa kwamba ndimi zetu zimelizoea. Lakini wiki hii, ndugu msomaji, tunataka kusimulia namna neno hilo lilivyotutia haya sisi tuliopewa dhamana ya kuandika vitabu vya msikiti.

Ulikuwa usiku wa kikao cha kamati, baada ya Swala ya Isha. Jambo kubwa lililotukutanisha lilikuwa zulia jipya. Waumini walikuwa wamejitolea kwa moyo, michango imekamilika, na barua ya kuwashukuru wafadhili tulikwisha kuiandika, tena kwa maneno mazuri tuliyoyapanga kwa siku mbili. Mweka hazina alipokuwa akisoma mapato na matumizi, mjumbe mmoja aliuliza kwa nini mstari wa posho ya mhudumu ulikuwa mtupu kwa miezi miwili mfululizo. Tukatazamana. Mwezi wa kwanza mfuko wa kawaida ulikuwa umepungua, tukasema atalipwa fedha zikipatikana. Fedha zilipopatikana, hakuna aliyekumbuka. Mwenye wajibu wa kukumbusha ni katibu, yaani sisi wenyewe.

Mhudumu huyo ni mtu mzima, umri wa baba zetu. Ndiye afunguaye mlango kabla ya adhana ya Alfajiri, ajazaye matangi ya maji ya udhu, aoshaye vyoo, akunjaye majamvi baada ya Ijumaa. Katika miezi yote miwili tulikutana naye kila siku, tukamwamkia "Shikamoo mzee, hali yako?" naye akajibu, "Marahaba, Alhamdulillah." Tuliichukua hiyo Alhamdulillah yake kuwa ushahidi kwamba hana shida. Hatukujua kwamba kwa majuma kadhaa alikuwa akitoka kwake Buguruni kwa miguu, usiku bado mzito, akiifuata Barabara ya Uhuru hadi msikitini, ili akiba ya nauli ibaki kununua unga.

Alipoitwa kikaoni, mwenyekiti alimwuliza kwa upole, "Mzee wetu, mbona hukutuambia?" Akajibu bila hasira, "Mlikuwa mkiniuliza hali, na mimi hali yangu kwa Mola wangu ni njema. Habari ya posho hamkuniuliza."

Hakuna aliyeweza kusema neno.

Tangu usiku ule tumekuwa tukirejea yale tuliyosomeshwa chuoni, tukajikuta tunayasoma kama wageni. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, ameeleza kwamba shukrani ina nguzo tatu: elimu, hali na amali. Elimu ni kuijua neema na Mwenye kuitoa. Hali ni furaha na unyenyekevu unaoingia moyoni kwa kujua hilo. Na amali ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo, kwa kuitumia neema katika yale anayoyaridhia aliyeitoa. Katika Sura Saba, aya ya 13, watu wa nyumba ya Daudi (a.s.) wanaamrishwa watende kwa shukrani, kisha tunaambiwa kuwa wenye kushukuru katika waja ni wachache. Kumbe shukrani ni kitu kinachotendwa. Sisi tulikuwa na ile ya ulimi, tena iliyopigwa chapa kwenye karatasi yenye nembo ya msikiti, na ile ya viungo tulikuwa tumemwachia mzee mmoja aitende peke yake.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Na katika mapokezi ya Ibn Majah ametuagiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mafundisho haya mawili tumezoea kuyasikia mbalimbali, moja katika hotuba ya shukrani na jingine katika darasa la biashara. Kwa mhudumu wetu yalikutana. Kumshukuru kulikuwa ni kumlipa, na kila siku tuliyochelewa ilikuwa siku ya kutomshukuru, hata kama tulimwombea dua kila Ijumaa.

Sisi watu wa Kariakoo tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, maana jina la mtaa wetu linatukumbusha. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo hili lilikuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps kwa Kiingereza, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wachukuzi hao walibeba vichwani chakula na risasi za majeshi katika nchi isiyo na barabara. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi wao hata kaburi lenye jina hawana. Pale katikati ya mji, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, limesimama Sanamu la Askari tangu mwaka 1927. Sura iliyosimama juu yake ni ya askari mwenye bunduki. Wachukuzi wametajwa katika maandishi ya chini, ambayo wapitao hawasimami kuyasoma. Tumepita hapo mara nyingi tukielekea Posta, na sasa kila tukipita tunamkumbuka mzee wetu na ule mstari mtupu daftarini.

Miaka ya karibuni nayo imetufunza. Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, moto uliliunguza soko kuu, lile jengo lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Watu waliolala wana mtaji waliamka hawana kitu. Tarehe 16 Novemba, 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Allah awarehemu waliotutangulia na awape subira jamaa zao. Waliokuwa wa mwanzo kufukua kifusi walikuwa watu waliokuwa karibu, wafanyabiashara na vibarua, kwa mikono yao mitupu. Siku zile kila mtu aliijua thamani ya mikono hiyo. Siku za kawaida zikarudi, nasi tukarudi kubishana na mchukuzi juu ya shilingi mia tano baada ya kutubebea robota kutoka Gerezani hadi Msimbazi.

Kikao chetu hakikuishia katika majuto. Fedha za zulia ni amana ya zulia, na hatukuzigusa. Mfuko wa kawaida ulitoa posho ya mwezi mmoja, na wajumbe tukachanga mifukoni mwetu ile ya mwezi wa pili, usiku ule ule, kabla mzee hajaondoka. Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Kisha tukaandika katika muhtasari kwamba kuanzia mwezi unaofuata mstari wa kwanza wa matumizi utakuwa posho ya mhudumu, na kwamba hakuna ajenda ya ujenzi au mapambo itakayofunguliwa kabla mweka hazina hajathibitisha kuwa imelipwa. Barua ya wafadhili tuliichelewesha wiki moja. Tuliona haifai kuituma kabla hesabu yetu wenyewe haijanyooka.

Jambo hili tumelipeleka pia majumbani kwetu, na tunalipendekeza kwenu wazazi mnaosoma ukurasa huu pamoja na watoto. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya chakula, kila mmoja ataje neema moja aliyoipata wiki hiyo, kisha ataje mikono iliyomfikishia. Mtoto atasema chapati, naye ataulizwa nani aliikanda. Baba atasema biashara imetembea, naye ataulizwa nani alifungua duka na kushusha mzigo. Halafu liulizwe swali la mwisho, ambalo ndilo gumu: katika hao waliotajwa, yupo tunayemdai asante tu, au yupo anayetudai? Binti wa kazi ambaye mshahara wake husogezwa hadi tarehe kumi, fundi aliyeambiwa "njoo kesho" mara nne, muuza maji ambaye chenji yake tuliisahau. Katika nyumba yetu, usiku wa kwanza wa zoezi hili yalipatikana madeni matatu, yote madogo, na hakuna hata moja lililokuwa limeandikwa popote.

Allah (s.w.) ameahidi katika Sura Ibrahim, aya ya 7, kuwazidishia wenye kushukuru. Tulizoea kuisoma ahadi hiyo tukingojea kuongezewa. Sasa tunaisoma tukijiuliza kwanza kama tumeshukuru kweli.

Mzee wetu hajabadilika. Asubuhi ya leo tumemkuta akijaza matangi, tukamwamkia, naye akajibu kama ajibuvyo siku zote. Tukaongeza swali ambalo zamani hatukuwa nalo: "Na posho ya mwezi huu, mzee, imekufikia?" Akacheka, akasema imemfikia, na kwamba leo amekuja kwa daladala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wale wachache wanaoshukuru kwa nyoyo, kwa ndimi na kwa mikono yao. Amin.